Mzee ameacha mnara wa CD, na kompyuta haioni chochote ndani: nianzie wapi?

"Marehemu baba alikuwa mpiga video. Kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa na kijiduka River Road, akirekodi harusi, mazishi, mahafali na harambee za watu wa Eastlands. Mimi ni bintiye wa kwanza, na vyombo vyake vimeniangukia. Kuna mashine tatu nyeusi zilizopandanishwa, zimeandikwa Disc Stakka; alizinunua kwenye duka la vifaa vya ex-UK. Ndani zimejaa diski. Nilipochomeka waya wa USB kwenye laptopu yangu, ilitoa mlio kisha kimya. Hakuna CD hata moja iliyoonekana. Fundi mmoja mjini ameniambia lenzi imekufa na anataka shilingi 6,500 aibadilishe. Nje ya mashine kuna diski nyingine karibu 300, baadhi kwenye mikoba ya zipu na baadhi zimerundikwa kwenye vijiti vya plastiki. Chache zimeanza kubanduka juu. Kwa jumla nadhani ni 600, nusu VCD na nusu DVD. Kompyuta ya mzee iko stoo, haiwaki. Kaka yangu anasema tutupe makorokoro yote, tununue flashi ya TB 2 tuhamishie humo, na zile zenye mikwaruzo tuzisugue kwa dawa ya meno. Mama hataki kitu kitupwe. Mimi naogopa kuharibu. Nianzie wapi?"

Pole sana, dada, kwa kuondokewa na mzee. Swali lako limebeba mambo matatu kwa pamoja: kama mashine imeharibika, kama diski zenyewe bado ziko hai, na kama kaka yako ana sababu ya kuviita vitu hivyo makorokoro. Nianze na lile linaloweza kukutoa pesa wiki hii. Usimpe huyo fundi shilingi 6,500. Mashine hiyo haina lenzi, na haikuundwa kuwa nayo.

Disc Stakka haisomi CD. Kazi yake ni kuzitunza na kuzitoa. Ifikirie kama mhudumu wa maktaba: anajua kitabu kiko rafu gani na atakuletea mezani, ila kukisoma ni kazi yako. Ukitaka kuona kilichomo, diski hutoka kwenye mnara, ukaichukua kwa mkono na kuitia kwenye kisomaji cha CD cha kompyuta. Ndiyo maana laptopu yako ilitoa mlio kisha ikanyamaza. Ilihisi kwamba kuna kifaa kimechomekwa, lakini haina programu ya kuzungumza nacho, na hakuna kisomaji cha diski ndani ya mnara cha kuonyeshwa kwenye skrini. Mlio ule ni dalili njema, kwa sababu angalau sakiti ya mashine bado inaitikia.

Sidai kwamba fundi huyo alitaka kukudanganya. Mashine hizi hazikuenea Nairobi, na mtu aliyezoea kutengeneza deki akiona mdomo unaomeza CD atafikiria lenzi moja kwa moja. Lakini anayetaka kubadilisha kitu sharti akuonyeshe kwanza kilipo.

Ili uamue vizuri, inafaa ujue kwa nini mzee alinunua chombo kama hiki. Disc Stakka iliingia sokoni mwaka 2004. Ilibuniwa na kampuni ya Opdicom ya Australia na ikauzwa kwa jina la Imation, kampuni ya Marekani iliyozaliwa kutoka 3M mwaka 1996. Kila mashine inabeba diski 100, na unaweza kupandanisha hadi tano, yaani diski 500 kwa tundu moja la USB. Wakati huo diski ngumu ya GB 80 ilikuwa kitu cha kawaida kwenye kompyuta ya ofisini. DVD moja inabeba GB 4.7. DVD 20 tu zingeijaza kompyuta nzima, ilhali mpiga video mwenye shughuli anatoa DVD 20 kwa muda mfupi sana. Hakukuwa na njia ya kuweka kazi zote ndani ya kompyuta, kwa hiyo watu werevu walitafuta njia ya kuifanya kompyuta ijue kila diski iko wapi.

Mzee wako alikuwa na wenzake wengi duniani katika kutafuta huko. Dacal ya Taiwan ilitoa mashine ya duara yenye nafasi 150, nayo ikitumia USB; unatafuta jina kwenye kompyuta, gurudumu linazunguka, diski inasukumwa nje. Discgear Selector haikuhitaji umeme kabisa: unasogeza kishale hadi mahali pa diski unayoitaka, unabonyeza, kifuniko kinafunguka na diski inainuka yenyewe. Mimi nakipenda sana kifaa hicho, kwa sababu hakina programu ya kupitwa na wakati; ukikikuta leo kwenye meza ya mtumba bado kinafanya kazi yake yote. Kulikuwa pia na mashine zilizosoma kweli. Pioneer DRM-600 ilibeba CD sita kwenye kasha moja na Nakamichi MBR-7 ilibeba saba. PowerFile C200 ilifika 200. Mwaka 2005 Sony nayo ilitoa kompyuta ya sebuleni, Vaio XL1, iliyokuja na kabati la diski 200 linalosoma lenyewe. Hizo zilikuwa bei ghali mno. Disc Stakka ilikuwa rahisi kwa sababu iliacha kazi ya kusoma kwa kisomaji ulicho nacho tayari.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote mengine. Mashine haijui majina ya diski. Inajua nafasi tu: ya kwanza, ya pili, ya sabini na nane. Majina, tarehe na orodha ya mafaili yalihifadhiwa na programu iitwayo OpdiTracker, ndani ya kompyuta ya mzee. Alipomaliza kuchoma diski, yaani kuiandika kwa leza, aliitia kwanza kwenye kisomaji, programu ikaorodhesha kilichomo, ndipo akaipa mnara uimeze. Maana yake ni kwamba kitu cha thamani kubwa kuliko vyote ulivyovitaja ni ile kompyuta isiyowaka iliyoko stoo. Humo huenda ndimo yalimo majina ya bwana harusi na bibi harusi wa kila diski, jinsi mzee mwenyewe alivyoyaandika. Mwambie kaka yako asiiguse, na isipelekwe kwa mtu wa kununua vyuma.

Ningekuwa wewe, zile 6,500 ningezielekeza huko. Kompyuta ya zamani isiyowaka kabisa mara nyingi imekufa pawa saplai, na ya mtumba hupatikana Luthuli Avenue kwa bei isiyotisha. Lakini kabla hujaiwasha, mwombe fundi atoe diski ngumu iliyomo, aiunganishe na kompyuta nyingine kwa adapta ya USB, na atengeneze nakala yake nzima, sekta kwa sekta. Mwambie waziwazi: asiifomati, asiweke Windows mpya, asisafishe chochote. Mafundi wetu wengi wana mazoea ya kuanza na kuweka Windows mpya, na mazoea hayo yakitumika hapa orodha ya mzee imekwenda. Nakala ikishapatikana, rudisha diski ngumu mahali pake, badilisha pawa saplai, na kama tarehe inasoma ya kale badilisha pia ile betri ndogo ya CR2032. Kompyuta ikiwaka, una jozi kamili: Windows ya enzi hiyo, programu, orodha na mnara. Usiiunganishe na intaneti. Haina kinga yoyote ya leo na haihitaji kwenda huko.

Kabla ya kuzitenganisha mashine tatu, andika kwa kalamu ipi ilikuwa chini, ipi katikati na ipi juu, na upige picha namna zilivyounganishwa.

Ikiwa kompyuta haifufuki, diski bado zinatoka. Usiingize kibanio wala kisu kwenye ule mdomo. Ndani kuna gia ndogo za plastiki, na diski iliyovutwa kwa nguvu inakwaruzika upande wa maandishi, ambao nitakueleza punde kwa nini ndio wa kuogopewa. Tafuta fundi wa printa badala ya fundi wa deki. Fundi wa printa amezoea mashine inayokamata kitu chembamba na kukipitisha kwenye magurudumu, naye atafungua skrubu badala ya kulazimisha. Kila nafasi inapofikiwa, diski itolewe na iwekwe kwenye bahasha ya karatasi yenye namba ya mashine na namba ya nafasi. Ukifanya hivyo, siku orodha ikipatikana itaoana na diski hata kama mnara umeshakufa.

Twende kwenye diski zenyewe, maana hapo ndipo ninapoona hofu yako ina msingi, ila umeielekeza upande usio wake.

Watu wengi huchunga ule upande unaong'aa na kuupuuza wenye maandishi. Kwa CD ni kinyume. CD ina unene wa milimita 1.2, na karibu unene huo wote ni plastiki angavu ambayo leza inapita ndani yake. Tabaka la chuma linalorudisha mwanga liko juu kabisa, chini ya maandishi, limefunikwa na ngozi nyembamba ya vanishi tu. Mkwaruzo wa chini uko mbali na data. Mkwaruzo wa juu unaigusa. Hizo ulizosema zimeanza kubanduka juu ndizo wagonjwa mahututi. Ukiinua mojawapo kuelekea taa ukaona mwanga ukipenya kama vitobo, hapo chuma kimeondoka na data ya sehemu hiyo haipo tena duniani. Hakuna kusugua kutakakoirudisha. DVD imejengwa tofauti: ni vipande viwili vya milimita 0.6 vilivyogundishwa, data ikiwa katikati. Ndiyo sababu DVD huvumilia zaidi kuguswa juu, ingawa nayo ina ugonjwa wake, ule wa gundi kuachia kuanzia ukingoni.

Jambo la pili ni kwamba diski za mzee hazikupigwa chapa kiwandani, zilichomwa. CD ya kiwandani ina vishimo halisi kwenye plastiki. Ya kuchomwa ina tabaka la rangi maalumu, na leza ya kuandikia iliunguza alama kwenye rangi hiyo. Ndiyo maana chini yake utaona ubuluu, ukijani au udhahabu, na DVD huwa na uzambarau. Rangi hiyo inachujuka kwa jua na joto. Diski iliyokaa miaka kumi kwenye mfuko wa giza inaweza kusomeka vizuri kabisa, na mwenzake aliyekaa dirishani duka la River Road akawa amekufa ndani ya muda mfupi. Kwa hiyo mnara mweusi wa mzee, pamoja na kwamba ulikuwa wa kupanga tu, umezifanyia hisani: umezikinga na mwanga na kuzisimamisha wima. Mwongozo uliotolewa mwaka 2003 na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, unapendekeza hivyo hivyo: diski zisimame kama vitabu, kwenye nyuzi 4 hadi 20 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Joto la Nairobi haliko mbali na hapo kwa miezi mingi, ingawa unyevu wake mara nyingi huzidi. Ungekuwa unaniandikia kutoka Mombasa ningekuwa na wasiwasi zaidi.

Mikoba ya zipu naiogopa kuliko mnara. Vumbi likiingia kwenye mfuko, kila ukichomoa diski unaisugua. Ukikuta diski imenata kwenye plastiki, usiivute. Kata mfuko kwa mkasi mbali na diski kisha uiachilie polepole. Zile za kwenye kijiti zina nafuu kuliko zinavyoonekana, kwa sababu kila CD ina kijiduara kilichoinuka karibu na tundu la kati, nacho huzuia nyuso zisigusane.

Kuna kifaa kingine cha zamani ambacho huenda utakikuta kwenye meza ya mzee: kibandiko cha lebo, kile chenye kisahani na mchi wa katikati cha kubandikia stika ya mviringo. Kilifanya CD ya harusi ionekane ya heshima. Tatizo ni kwamba gundi na karatasi huvuta diski kadiri zinavyokauka, na kisomaji cha kasi ya 52 huizungusha CD takribani mara 10,000 kwa dakika. Stika iliyoinuka ukingo kwenye mwendo huo inaweza kuchanika ndani ya mashine. Usibandue stika hizo. Ukibandua kwenye CD utaondoka na chuma na data pamoja. Badala yake zisome kwa mwendo wa chini. Programu nyingi za kunakili zinakuruhusu kuchagua kasi, nami ningechagua 4 au 8 kwa kila diski yenye stika. Na usirudishe diski yenye stika kwenye mnara.

Dawa ya meno. Ina chembe za kusugua, na ni kweli kwamba inaweza kulainisha mkwaruzo mdogo wa upande wa chini kiasi cha leza kupita. Ndiyo sababu kila mtaa una mtu atakayekuapia kwamba ilimsaidia. Lakini inaacha mikwaruzo midogo mingi badala ya mmoja, na ukisugua kwa duara unaharibu zaidi. CD imepangwa hivi kwamba data ya sehemu moja imetawanywa mbali mbali pamoja na ishara za kusahihishia, hivyo pengo la takribani milimita 2.5 kwenye mstari linaweza kujazwa bila kupoteza kitu. Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni unaukata kila mstari mara moja, na kisomaji kinausamehe. Mkwaruzo unaofuata duara unafunika mstari huo huo kwa urefu, na hapo kusahihisha kunashindikana. Kwa hiyo anza na maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, acha ikauke, jaribu kuisoma. Diski nyingi zinazodhaniwa kuwa mbovu zina alama za vidole tu. Kusugua kuwe hatua ya mwisho kabisa, kwa diski ambayo visomaji viwili tofauti vimeikataa.

Nasema viwili kwa makusudi. Visomaji havilingani. Kile chembamba cha USB kitafanya kazi kubwa, ila jipatie pia kimoja kinene cha kompyuta ya mezani, hata cha mtumba. Mara nyingi kimoja husoma alichokikataa mwenzake.

VCD zitakuchanganya, kwa hiyo nieleze. Ukifungua VCD kwenye kompyuta utaona folda ya MPEGAV yenye faili la DAT. Ukijaribu kulinakili kama faili la kawaida, kompyuta inaweza kukwama na kudai kuna hitilafu, ilhali diski hiyo hiyo kwenye deki inacheza hadi mwisho. Sababu ni kwamba VCD iliacha tabaka moja la usahihishaji ambalo CD za data zinalo, ili ipate nafasi zaidi. Ndivyo diski ya MB 700 inavyobeba karibu MB 800 za video. Deki ikikuta kosa inaonyesha picha iliyochanikachanika kidogo na kuendelea. Kompyuta inayonakili inasimama. Usizihukumu VCD kwa kunakili kwa kuburuta. Tumia programu inayosoma diski nzima na kuvumilia makosa. Kwenye Windows, IsoBuster inajua kutoa video ya VCD ipasavyo. Kwa DVD zenye matatizo, ddrescue, programu ya mfumo wa Linux, ni bora: inachukua kwanza sehemu zote zinazosomeka kwa urahisi, kisha inarudi kwenye zile ngumu, huku ikiandika ramani ya ilipofika, hivyo unaweza kuhamia kisomaji cha pili na kuendeleza pale pale. Ukikuta CD za muziki, yale mafaili ya cda unayoyaona, yenye baiti 44 kila moja, hayana muziki ndani. Ni vielekezi tu. Ukiyanakili hayo ukatupa diski, umetupa nyimbo.

Na ukikutana na diski ndogo za sentimita 8 zilizotoka kwenye kamera, usizitie kabisa kwenye mnara wala kwenye kisomaji kinachomeza kwa mdomo, zitakwama. Nyingine zitaonekana tupu kwa sababu mzee hakuzifunga ("finalize") kwenye kamera baada ya kurekodi. Tunza kamera iliyozirekodi, maana ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuzifunga.

Flashi ya kaka yako, hapana. Flashi ni ya kusafirishia kazi, haifai kuwa ghala la pekee la kumbukumbu za miaka. Isitoshe, flashi za TB 2 zinazouzwa barabarani kwa bei ya kutupa nyingi ni za uongo: ndani kuna nafasi ndogo, na programu yake imechezewa ili kompyuta ione namba kubwa. Unaendelea kunakili bila kuonywa, na yanayozidi nafasi ya kweli yanapotea au yanafuta ya mwanzo. Chombo chochote ulichokinunua, kijaribu kwanza kwa H2testw, programu ya bure inayojaza nafasi yote kisha kuisoma tena.

Hesabu yako iko hivi. VCD 300 kwa MB 800 ni GB 240. DVD 300 zikiwa zimejaa zote ni GB 1,410. Jumla GB 1,650, nayo inaenea kwenye diski ngumu ya nje ya TB 2. Nunua mbili, ikiwezekana za kampuni tofauti. Moja ikae kwako, nyingine kwa mama au kwa kaka, isikae nyumba moja na ya kwanza. Usishtuke kompyuta ikikuonyesha DVD iliyojaa kama 4.38 badala ya 4.7; inahesabu kwa kizio kingine, hakuna kilichopotea. Kuhusu muda, DVD moja nzima ichukulie dakika 15 na VCD dakika 8. Hiyo ni kama saa 115. Ukifanya saa mbili kila jioni, utamaliza chini ya miezi miwili, na sehemu kubwa ya muda huo mashine inafanya kazi peke yake huku wewe ukipika.

Anza na zilizobanduka, kisha zilizonata, kisha zenye stika, kisha za familia yenu. Zilizo ndani ya mnara ziwe za mwisho. Zimehifadhika kuliko nyingine zote. Kila diski unayoimaliza iandike kwenye daftari au jedwali: namba, jina, tarehe, ilisomeka yote au nusu. Kuandika juu ya diski tumia kalamu ya ncha laini yenye wino wa maji, usitumie biro.

Sasa makorokoro. Diski zikishanakiliwa na nakala zote mbili kuhakikiwa, mnara bado una kazi. Kama umefufuka pamoja na kompyuta yake, rudisha humo DVD na VCD zisizo na stika na uuache uendelee kuwa kabati. Mimi ningefanya hivyo, maana umetimiza wajibu wake vizuri. Kama haukufufuka, mnara bila programu unabaki plastiki na mota, na hakuna aibu kuuachia. Upelekwe kwa wanaoshughulikia taka za elektroniki, mfano WEEE Centre hapa Nairobi, usitupwe jalalani.

Kuna watu wa tatu katika jambo hili ambao hukuwataja: wateja wa mzee. Diski hizo zina nyuso za watu kwenye harusi na misiba yao, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019. Usipandishe video hizo mtandaoni hata kwa nia ya kumuenzi. Ukimpata mwenye harusi, mpe nakala yake. Nadhani utashangaa wangapi wamepoteza ya kwao na wangekushukuru.

Mwisho, usiendelee peke yako katika hali hizi. Adapta ya umeme ya mnara ikinuka au kuwa ya moto, chomoa na uipeleke ikapimwe. Ukitafuta nyingine, volti na upande wa chanya vilingane na lebo ya ile ya awali. Diski ngumu ya kompyuta ya mzee ikigonga tik-tik inapowashwa, izime papo hapo na umtafute mtaalamu wa kuokoa data, siyo fundi wa kawaida, kwa sababu kila dakika inayozunguka inajikwangua zaidi. Diski yenye ufa unaoanzia kwenye tundu la kati usiizungushe kamwe, hata kwa kasi ndogo. Inaweza kupasuka vipande ndani ya kisomaji. Na diski yoyote ambayo familia au mteja anaihitaji kwa kesi ya ardhi au mirathi, mpelekee wakili wenu ikiwa vilevile, kabla hujaiosha wala kuinakili. Popote unapoziacha kwa mtu, hesabu diski mbele yake, andikeni idadi na namba zake, naye atie saini.